Banda la Kocha na Miwani ya Kesho

Kocha hakuwahi kufundisha timu yoyote. Jina alipewa kwa sababu alikuwa na banda la gemu, runinga moja kubwa na mdomo usiojua kupumzika. Kwake, aliyefungwa aliinuka kwenye benchi huku akizomewa na banda zima, na kuzomea huko ndiko kulikoleta watu.

Ndipo shemeji yake, mtaalamu wa mambo asiyoyajua, akamletea miwani ya kuvaa usoni, ili mchezaji aingie mwenyewe ndani ya mchezo.

"Runinga imekufa, shemeji. Kesho kila mtu atavaa hii."

Kocha akaamini. Akatupa runinga na mabenchi uani, watu wa kesho wapate nafasi ya kurusha mateke.

Watu wa leo walikuja mara moja tu. Walimtazama mwenzao akipiga hewa mateke, wakaulizana, "Sasa huyu kafunga au kafungwa?" Utamzomeaje mtu ambaye hujui kama kafungwa? Wakahamia banda la jirani, lenye runinga chakavu na kelele za kutosha.

Kocha akabaki akicheza peke yake. "Mke wangu, laiti ungeona! Mashabiki wamejaa hadi juu!"

"Humo ndani ya miwani, baba. Huku nje niko mimi na ufagio."

Akaivua. Akaenda uani, akaanza kuburuta benchi kulirudisha bandani. Shemeji alipotokea kuuliza kulikoni, Kocha alimvalisha miwani.

"Kaa humo, shemeji. Wateja wako hao."