Konzi tano za korosho na baiskeli ya Newala isiyoibika

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Ukungu bado umelala juu ya mabati ya Newala mjini, na foleni mbele ya dirisha la vifurushi imeshafika barabarani. Bimdogo Hamudi anafungua dirisha, anaweka kopo kubwa la maziwa ya unga juu ya kaunta na kumsogezea mtu wa kwanza. Ndani hakuna maziwa. Kopo limejaa korosho ghafi.

"Karibu baba, ingiza mkono. Chota unachoweza."

Mzee anachota konzi yake na kuimwaga kwenye sinia. Bimdogo anahesabu kwa ncha ya kalamu: kumi na tisa. Anabonyeza namba hiyo kwenye kompyuta. Wa pili anapata ishirini na tatu, wa tatu kumi na nne. Wa nne ni Benedikto, fundi baiskeli mwenye viganja kama majembe, naye anatoa thelathini na moja huku foleni ikimshangilia. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni anafunga kazi kwa kumi na saba.

"Basi, mashine imeamka," anasema Bimdogo, na korosho zinarudi koponi.

Mgeni anaweza kudhani ni uganga. Bimdogo, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, hucheka akisikia hivyo. Yeye ni karani, na kazi yake ni kutunga namba: kila kifurushi kinachopita dirishani kwake lazima kipate namba yake peke yake, fupi kiasi cha kuandikika kwenye kiganja, na ngumu kiasi kwamba mwizi hawezi kuibahatisha.

Leo kazi hiyo iko kwenye mizani. Juu ya kaunta, kwenye kenchi, imening'inizwa baiskeli mpya nyeusi, bado ina karatasi kwenye usukani. Kwa siku thelathini mwenye ofisi, Bwana Optatus, ametangaza kwamba yeyote atakayetaja namba ya baiskeli hiyo aichukue aende nayo. Kila mtu anaruhusiwa kubahatisha mara moja kwa siku. Leo ni siku ya mwisho, na dirisha hufungwa saa kumi na moja jioni.

Ikichukuliwa na mbahatishaji, programu ya Bimdogo inatupwa. Optatus ataleta nyingine kutoka Dar es Salaam, inayoendeshwa na karani mmoja aliyeko Mtwara, na Bimdogo atarudi kwenye kazi aliyoanzia, kupima mizigo kwa mzani.

"Mzani haunitishi," anasema. "Nimeubeba miaka minne. Ila hii programu nimeizaa mimi. Nitaumia."

Ofisi yenyewe ni mtoto wa soko huria. Optatus aliianzisha mwaka 1998, wakati watu binafsi walipokuwa wakijitosa kila upande, wengine kwenye mabasi, wengine kwenye korosho. Yeye alichagua vifurushi, akafungua dirisha moja Masasi, moja Newala. Leo, Novemba 2005, dirisha la Newala linapokea vifurushi kama sitini kwa siku. Bimdogo analipwa shilingi elfu hamsini kwa mwezi, na kwa fedha hizo anamsomesha binti yake, Shakila, aliye darasa la tano.

Mwanzoni mizigo ilikwenda kwa majina, na majina yaliwatoa jasho. "Ukiita Awadhi, wanainuka sita," anakumbuka Bimdogo. Wakahamia namba za mfululizo: 411, 412, 413. Hapo ndipo balaa lilipoingia.

Siku moja mwaka 2003 kijana aliyekuja na mzigo namba 412 aliuchukua, akarudi baada ya saa moja na kofia kichwani, akataja 413 bila hata kupepesa macho. Akakabidhiwa redio kaseti ya Mama Awadhi, mkunga wa Mkunya, ambaye jina lake ni Mwanaheri. Redio haikuonekana tena.

"Aliijuaje 413? Si inafuata 412! Hata Shakila angejua," anasema Bimdogo, na hapo uso wake unapoteza kicheko kwa mara ya kwanza. Aliyemkabidhi yule kijana redio alikuwa yeye.

Mama Awadhi alikuja, akasikiliza maelezo yote, akajifunga khanga vizuri na kusema kwamba hatakanyaga tena mahali hapo. Hakukanyaga. Dawa za wajawazito wake akawa anazifuata Masasi mwenyewe.

Mwaka huohuo Optatus alinunua kompyuta ya mtumba kwa shilingi laki tatu na nusu ili aandikie barua. Bimdogo, aliyemaliza kidato cha nne akipenda hesabu kuliko chakula, alikuwa amesoma kozi ya miezi mitatu ya kuchapa. Alikuta ndani ya mashine sehemu ya kuandika maagizo, akakaa nayo kila mchana wateja walipopungua. Baada ya miezi miwili aliiagiza ichague herufi na tarakimu sita ovyo ovyo, ikague kama zimeshatumika, kisha ichape.

Ikachapa. Wiki ya kwanza, mzee mmoja mwenye heshima zake msikitini alipewa karatasi iliyoandikwa MBWA22.

"Alinitazama, akaitazama karatasi, akanitazama tena," Bimdogo anasimulia akijifuta machozi ya kicheko. "Akaniuliza, 'Mwanangu, nimekukosea nini?'" Siku hiyohiyo akazifuta irabu zote. Bila irabu, mashine haiwezi kuandika tusi wala jina la mnyama.

Kisha umeme ukamfundisha somo jingine. Newala umeme hukatika unavyotaka, na Bimdogo aligundua kwamba kila mashine inapozimwa na kuwashwa, ile "ovyo ovyo" yake huanza upya palepale, kwa mpangilio uleule. Daftari la ndani ya mashine, la namba zilizokwisha kutumika, nalo lilikuwa limefutika umeme ulipokatika, kwa hiyo mashine haikukumbuka kitu. Asubuhi moja ikatoa namba zilezile za jana. Mwalimu wa madrasa aliondoka na sare za kwaya, na kwaya ikafungua boksi la juzuu siku mbili kabla ya sherehe.

"Walibadilishana kwa amani, na mwalimu akaalikwa pilau," anasema. "Lakini mimi sikulala."

Dawa ya daftari ilikuwa kulinakili kwenye diski kila baada ya saa. Dawa ya ovyo ovyo ilikuwa kuipa mashine kila asubuhi mahali papya pa kuanzia, mahali ambapo hata yeye hapajui. Angetumia tarehe, lakini tarehe kila mtu anaijua. Alipokuwa akitafakari alikuwa anabangua korosho, akatazama kiganja chake. Hakuna mtu, hata mwenye kiganja, anayejua konzi yake ina korosho ngapi. Konzi tano za watu watano zikawa ufunguo wa siku.

Kwa mwandishi wa makala haya, hata hivyo, maajabu hayako kwenye kopo. Yako kwenye herufi ambazo Bimdogo amezifukuza.

Namba husomwa kwa simu kati ya Newala na Masasi, ambako karani ni Stefano, Mmakua wa Lupaso. Bimdogo ni Mmakonde. Wanataniana tangu simu inapoinuliwa hadi inapokatwa, lakini kazini utani ulikuwa unawagharimu. Mmakonde wa nyumbani hana R. Ulimi wake unajua L tu, na akijitahidi kusema Kiswahili cha shule huweka R hata pasipotakiwa. Mmakua naye D yake hutoka T, B hutoka P, G hutoka K.

"Nilikuwa namwambia, 'Stefano, andika R.' Ananiuliza, 'R ya nini?' Namjibu, 'R ya Lozi!'" Bimdogo anajipiga paji la uso. "Yeye naye ananisomea, 'T ya Tata.' Namuuliza, tata ndiyo nini? Ananiambia, 'Tata, ntugu yake kaka!'"

Wangeweza kuagizana watamke vizuri. Optatus alijaribu hata kubandika tangazo. Bimdogo aliona njia nyingine: kama ulimi haubadiliki, ibadilike mashine. Katika kila jozi akabakiza herufi moja. R haipo, ipo L. D haipo, ipo T. B na G wakaenda na maji. Akaondoa na N kwa kuwa simuni hufanana na M, akaondoa C, Q, X na Z ambazo wateja huziandika kila mtu kwa mtindo wake, kisha sifuri na moja. Zikabaki alama ishirini. Mtu akiandika R, mashine inaisoma L bila kugomba. Akileta D, inaisoma T.

Alama ishirini katika nafasi sita hutoa namba tofauti milioni sitini na nne. "Newala nzima tukikaa tunabahatisha, tutazeeka," anasema.

Si kwamba hawajajaribu. Daftari la wabahatishaji lina majaribio 1,911. Watu wametaja miaka ya kuzaliwa, namba za nyumba, namba za gari la padri. Benedikto hajakosa hata siku moja. "Mimi natengeneza baiskeli kila siku, ya kwangu sina," analalamika, kisha anataja alama sita kwa sauti ya mtu aliyeota. Bimdogo anaandika, anatazama kioo cha kompyuta.

"Mzigo haupo, kaka. Anayefuata."

Mwandishi naye alijaribu bahati yake na kujibiwa vivyo hivyo, tena bila kutazamwa usoni.

Saa kumi na nusu jioni Optatus anaingia na bahasha iliyofungwa kwa gundi. Ndani yake ndimo ilimo namba ya baiskeli, aliyoichapa mwenyewe siku ya kwanza huku Bimdogo akiwa nje. Anakaa kwenye kiti na kutazama saa. Watu wamejaa hadi kizingitini. Bimdogo amesimama, ingawa kiti chake kipo.

Zikiwa zimebaki dakika saba, foleni inapasuka katikati. Anaingia mwanamke wa makamo mwenye vumbi jekundu hadi magotini.

Bimdogo anamtambua kabla ya wengine. "Shikamoo, Mama Awadhi."

"Marahaba." Mama Awadhi hatabasamu. Anafungua pindo la khanga na kutoa karatasi ya daftari la shule. "Nimeambiwa nina mzigo hapa. Mimi kusoma sikujaliwa. Mwenye duka pale Mkunya aliipokea hii kwenye simu, akaniandikia."

Bimdogo anaisoma kwa sauti, kama anavyofanya kwa kila mteja: "K, saba, R, M, nne, D."

Mguno unapita. Watu wa Newala sasa wanazijua sheria hizi kuliko sheria za barabarani, na kila mmoja amesikia herufi mbili ambazo mashine haina. Optatus amekwisha kuchana bahasha. Anainua karatasi yake kila mtu aione: K7LM4T.

"Hazifanani," ananong'ona Benedikto.

Bimdogo anaandika kama ilivyoandikwa, R yake na D yake, kisha anabonyeza. Kwenye kioo yanatokea maneno mawili: MZIGO UPO.

Chini yake, kwa maandishi madogo: Baiskeli moja. Mwanaheri, Mkunya.

Vigelegele vinaanzia kwa mama mwenye mtoto mgongoni na kumalizikia sokoni. Optatus anasubiri vitulie, kisha anakiri mchezo wake. Baiskeli tangu mwanzo ilikuwa ya Mama Awadhi, fidia ya redio. Jana alimwambia Stefano ampigie simu mwenye duka wa Mkunya na kumsomea namba kwa ulimi wake mwenyewe, bila kurudia.

Stefano alisema T, sawasawa kabisa. Mwenye duka, kwa kuwa anawajua Wamakua, akajisemea huyu anataka D, akaandika D. Alisikia L, akaona asionekane wa shamba, akaandika R.

"Kumzuia mwizi, hata kufuli linazuia," Optatus anamwambia Bimdogo mbele ya wote. "Nilitaka kuona kama mwenye mali atafunguliwa. Mama Shakila, hiyo programu ya Dar ibaki hukohuko Dar."

Bimdogo anakaa sasa kwenye kiti chake. Amefurahi hadi analia, na mtu yeyote anayepita barabarani anaweza kumwona.

Kuanzia Januari dirisha la Masasi litapata kompyuta yake, na Bimdogo atakwenda kumfundisha Stefano. Mshahara utapanda hadi elfu themanini. Kuna kasoro moja anataka kuimaliza kabla ya hapo: S na 5 kwa mwandiko wa Newala ni mapacha, na mmoja lazima aondoke. Baada ya hapo, anasema, angependa kupeleka hesabu zake kwenye zahanati, ili kadi ya mtoto wa kijiji cha Chiwata isichanganywe na ya mtoto mwingine mwenye jina lilelile.

"Nataka mtu aseme anavyosema kwao," anaeleza, "na mashine imjibu: nimekusikia, ni wewe."

Asubuhi ya pili yake, saa mbili kasoro robo, mtu wa kwanza kwenye foleni ameegemea baiskeli nyeusi ambayo bado ina karatasi kwenye usukani. Ana kifurushi cha kupeleka Masasi, cha kwanza baada ya miaka miwili.

Bimdogo anamsogezea kopo. Mama Awadhi anakunja mkono wa gauni lake na kuuingiza hadi kwenye kiwiko.

Korosho ishirini na sita.