Makochi ya Bure Yaliyokuwa Barazani

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, simu yangu ilipolia mlio wa ujumbe, na kabla sijaendelea niseme wazi kwamba aibu niliyoipata siku ile niliitafuta mwenyewe, kwa utaratibu, nikiwa na futi ya kupimia mfukoni. Wengi wenu hapa Magamba mnaijua nusu ya habari hii, ile nusu mnayosimuliana mkicheka. Hii hapa ni nzima.

Mtaani kwetu tuna grupu la kwenye simu la kupeana vitu. Mwenye kitu asichokihitaji anakitaja, anayekitaka anakwenda kukichukua, bure, hakuna maneno. Mimi humo nimepata mlango wa mbao, kamusi isiyo na jalada na (hili sikulihitaji, lakini lilikuwa bure) pipa lenye tundu. Nimetoa pia. Kazi yangu ni fundi wa umeme wa jua, ufundi niliojifundisha mwenyewe kwa kusoma vile vijitabu vinavyokuja ndani ya maboksi ya mashine na ambavyo watu wengine huwashia moto, na sifa moja niliyokuwa nikijivunia ni kwamba maelekezo nayasoma mpaka mwisho.

Asubuhi ile mwalimu mmoja aliyehamishiwa Tanga aliandika hivi: "Natoa bure seti ya makochi. Nyumba ya bati la kijani, mkono wa kushoto ukishapita msikiti. Yako barazani. Msigonge hodi, mtoto anaumwa, amelala. Atakayekuja anipigie kwanza nimwelekeze."

Sasa siku hiyo hiyo, baada ya Alasiri, nilikuwa na ugeni mzito. Watu walikuwa wanakuja kumposa binti yangu Zaina. Upande wa kijana ni watu wa Bumbuli, watu wazima wa kanzu zilizonyooka, na wangeongozwa na baba yake mkubwa, Mzee Singano, ambaye mpaka siku ile nilikuwa nimezungumza naye kwa simu tu, sura yake siijui. Makochi yangu nayo yalikuwa yamefika mahali ambapo mgeni akikaa anazama, na ili anyanyuke lazima avutwe. Zaina hakulalamika, si tabia yake, ila tangu katikati ya wiki alikuwa kila akipita sebuleni anayatazama yale makochi kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyekataa dawa.

Nikapima mlango wangu kwa futi. Nikaandika kwenye grupu kwamba na mimi natoa makochi yangu, na Mama Rehema, jirani yetu wa bondeni, alifika na wanawe kabla sijamaliza kufunga kamba za viatu, wakayabeba wakaondoka nayo. Nikampigia Hoza mwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Mke wangu akaniuliza, "Na huyo mwalimu umempigia?" Nikamjibu kwamba ule mstari wa kupiga simu umewekwa kwa ajili ya watu wasioelewa maelekezo, na maelekezo yenyewe yanajitosheleza: bati la kijani, kushoto, baada ya msikiti.

Huo ndio uamuzi wenyewe. Mengine yote yaliufuata kama mabehewa.

Kulikuwa na ukungu wa kawaida wa huku kwetu, ule ambao ukinyoosha mkono vidole vinakuwa vya mtu mwingine. Tukapita msikiti, kushoto tukaona bati la kijani, na barazani, kweli, kulikuwa na makochi, tena vijana wawili walikuwa wanalitoa la mwisho, na mzee mmoja aliyejifunika shuka zito mpaka masikioni anawaelekeza.

"Shikamoo mzee," nikasema kwa sauti ya chini (kwa ajili ya mtoto). "Nimekuja kwa ajili ya makochi."

"Marahaba," akajibu, naye kwa sauti ya chini. "Alhamdulillahi. Tulikuwa hatujui tuyaweke wapi na ukungu huu."

Nikatoa futi nikalipima kochi refu, urefu, upana, kimo. Vijana wale wakarudi nyuma, wakainamisha vichwa. Nikawaza, hapa kuna watoto waliolelewa.

"Unayapeleka wapi?" mzee akauliza.

"Kwangu, huko juu Magamba. Leo nina wageni."

"Na wageni tena umewachukua? Mwenyezi Mungu akulipe." Akalishika mwenyewe kochi refu upande wa nyuma, tukalipandisha.

Njiani Hoza akasema, "Mzee, mbona pale kila mtu ananong'ona?"

"Mtoto amelala."

"Na wale kina mama wanaopandisha na masufuria makubwa?"

"Labda pana harusi karibu."

Hoza akabadilisha gia.

Makochi yalipita mlangoni bila kugusa, kama nilivyokwisha kupima. Yalikuwa mazuri kupita kiasi, yana vitambaa vyeupe vya kufuma kwenye migongo. Mke wangu akayazunguka mara mbili kama anayetafuta kasoro. "Huyu mwalimu ana mshahara gani?" akauliza. Nikapiga picha, nikaiweka kwenye grupu na maneno haya: "Nimepokea. Namshukuru sana mtoaji. Huu ndio moyo wa kutoa."

Mwalimu akajibu: "Mzee wangu, makochi yangu bado yako barazani."

Kabla sijaelewa, likaingia tangazo la mwenyekiti wa mtaa: mzee fulani, jirani wa msikiti, amefariki alfajiri, mazishi saa saba mchana.

Kila mtu huku analijua jambo hili na mimi ninalijua. Mtu akifariki, kitu cha kwanza ni kutoa makochi nje, sebuleni yatandikwe majamvi wafiwa wakae chini, na majirani wenye nafasi huyachukua makochi wakayahifadhi mpaka msiba uishe. Nimeshabeba makochi ya watu mara nyingi. Tofauti ni kwamba mara zote hizo nilijua niko msibani.

Nikaifuta ile picha, lakini katika grupu la watu wengi kufuta ni kuwaongezea hamu. Kisha likaja neno kutoka kwa binti wa marehemu: "Kumbe ni wewe baba uliyetuhifadhia? Hatukujua tumshukuru nani. Kaa nayo mpaka tumalize khitma."

Mke wangu akasema, "Mwambie ukweli." Nikasema mtu hawezi kumwandikia mfiwa habari kama hizo asubuhi ya msiba, na kuyarudisha makochi katika nyumba iliyojaa watu ni kuwaongezea kazi. Hayo yote yalikuwa kweli. Kweli pia ni kwamba sebule yangu isingekuwa na kiti. Nilikuwa nimempigia mwalimu (sasa ndipo nilipopiga), akaniambia yake yamechukuliwa sasa hivi na mtu aliyepiga simu. Mke wangu alikuwa ametuma mtu kwa Mama Rehema, na jibu likaja kwamba ameyaweka kwenye banda na kuku ameshaanza kutaga.

Nikaenda kuzika. Nikatoa rambirambi kubwa kuliko kawaida yangu. Nikasimama nyuma kabisa, na msemaji wa familia akashukuru wenye kuni, akashukuru wenye maji, "na yule mzee wa Magamba aliyekuja asubuhi na mapema, bila kuitwa na mtu, na gari lake mwenyewe, akahifadhi samani."

"Mashallah," watu wakaitikia.

"Gari lake mwenyewe?" Hoza akaniuliza sikioni.

Baada ya Alasiri wageni wakafika. Aliyetangulia kuingia alikuwa mzee wa kanzu na koti, akaniangalia, akayaangalia makochi, na mimi nikamwona bila lile shuka. Mzee Singano ndiye aliyelishika kochi upande wa nyuma. Marehemu alikuwa rafiki yake wa tangu ujana, na Singano alikuwa amefikia kwake tangu juzi, kumwuguza na kuisubiri posa.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Karibuni mkae," nikasema.

Akaligusa kochi refu kwenye pembe. "Hapa ndipo alipokuwa akikaa. Jana tumekunywa naye chai hapa. Niwie radhi ndugu yangu, kulikalia leo sitaweza." Akavua viatu, akashuka kwenye mkeka. Na kwa kuwa hakuna mtu wa kwetu atakayekaa juu na mkubwa wake yuko chini, wote wakashuka, na mimi nikashuka. Zaina alipoingia na sinia la chai aliwakuta wanaume wote sakafuni, wamezungukwa na seti nzima ya makochi, haina mtu.

Mzee Singano akawageukia wenzake. "Niwaambieni jambo. Nilikuja na wasiwasi, hawa tunaungana nao hatuwajui. Wasiwasi umeniisha leo asubuhi. Mtu anayeamka na ukungu kumsitiri mfiwa asiyemjua, binti yake hatuna haja ya kumuulizia."

Wakaitikia. Zaina alikuwa bado ameshika sinia, na macho yake yalikuwa kwangu, si kwa hasira. Alikuwa anangoja tu. Nikaona kwamba nikinyamaza, ndoa yake itajengwa juu ya makochi yale, na makochi yale ni ya watu.

Nikawaeleza. Nilianza na ule ujumbe wa mwalimu nikamaliza na kuku wa Mama Rehema.

Hakuna aliyegusa chai. Hatimaye Mzee Singano akauliza, "Na ile futi?"

"Nilikuwa napima kama litapita mlangoni kwangu."

"Sisi tulijua wewe ndiye mpimaji wa kaburi. Vijana walikwenda kuwaambia wachimbaji kwamba mzee wa vipimo ameshakuja. Walikaa na majembe yao wakikusubiri mpaka saa nne."

Kisha akavua kofia, akajifunika nayo uso, mabega yakawa yanatikisika. Nikadhani amemkumbuka rafiki yake, nikatafuta maneno ya kumpa pole. Alikuwa anacheka.

Alipopata pumzi akamgeukia mke wangu aliyekuwa mlangoni. "Shemeji, huyu alikuwa hivi tangu zamani?"

"Tangu nimjue."

"Basi heri aliyesema mwenyewe kuliko ambaye tungemgundua. Posa tumeileta na iko palepale." Akaninyooshea kidole. "Tarehe ya ndoa tutapanga kwa simu. Na utapiga wewe, nikusikie."

Khitma ilipopita niliyarudisha makochi. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza binti wa marehemu, lakini alinipokea mlangoni akauliza kama nimekuja na futi, akaingia ndani haraka na kanga mdomoni. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu wamzike baba yake, shangazi yake aliniambia, na aliniambia kama mtu asiyejua anishukuru au anifukuze.

Siku hizi nikiambiwa nipige simu kwanza, napiga, hata kama nimesimama mlangoni kwa mtu na ananiona. Makochi sina, wageni wangu wanakaa kwenye mkeka. Kirikuu kwenda na kurudi mara mbili elfu thelathini, rambirambi elfu ishirini. Makochi ya bure, jumla shilingi elfu hamsini.