Niliuita Uozo wa Mwaka, Kumbe Nimeupenda

Nimekosa. Nalisema mapema kabla hamjaanza kunitafutia visingizio, maana nimeshavitafuta vyote mwenyewe na hakuna hata kimoja kilichonienea. Nilimdhihaki mtu mbele ya watu ili wacheke. Wakacheka, na mimi nikacheka kuwashinda. Mtu mwenyewe ni mamangu mdogo.

Jina langu liacheni. Wa Kisauni watanijua, na wakinijua wanyamaze, maana wao ndio waliokuwa wakinipigia makofi.

Mimi ni msusi. Nina saluni ukiingia Ziwa la Ng'ombe, viti viwili tu: kimoja changu, kimoja cha Njeri, mwenzangu aliyeshuka kutoka bara na Sheng yake yote mdomoni. Ukutani pana runinga, na runinga hiyo haizimwi. Mtu anayesukwa nywele ndogondogo huketi asubuhi akaondoka alasiri, utamtuliza na nini? Filamu. Kwa hiyo mimi ambaye sikusomea chochote cha maana nimeziona zote: za Kihindi, za Kikorea, za Kinaijeria, na zetu hizi ambazo mtu anapigwa risasi ya kifua halafu anakohoa.

Na mdomo ninao. Mungu alipokuwa akigawa haya, nadhani nilikuwa nimetoka kidogo.

Basi kila Disemba nilikuwa najirekodi kwa simu nikitoa hukumu zangu. Filamu ya mwaka. Wimbo wa mwaka. Halafu kile ambacho kila mtu alikuwa akikingojea: uozo wa mwaka. Njeri hushika simu, mimi nasuka huku napayuka, na mteja anatikisika kwa kicheko mpaka nywele zinanichopoka mkononi. Mwanzo walitazama wateja wetu. Baadaye Kisauni ikatazama. Mwishowe nikawa nikipita sokoni Kongowea nasimamishwa na watu nisiowajua: "Wewe ndiwe yule dada wa uozo?" Nami navimba!

Sasa nawapa siri ambayo sisi watoa hukumu hatuisemi. Sifa hazichekeshi. Ukisema filamu ni nzuri, watu wanapiga miayo. Ukisema mwigizaji analia kama aliyebanwa kidole na mlango, wanawatumia mpaka mashemeji. Nilipoligundua hilo, nikaanza kusifu vitu vya kunifanya nionekane nina akili, na kuponda vitu vya kuchekesha. Kile nilichokipenda hasa moyoni, nikakiweka kabatini.

Nikisema uongo mnizomee. Mwaka nilipofanya kosa hili, filamu yangu bora ilikuwa moja ya ng'ambo, ya mzee na mlima. Mzee anautazama mlima. Mlima nao unamtazama mzee. Nilisinzia kabla hajatokea mtu wa pili, nikaamka majina yanapanda. Nikasema mbele ya simu, uso nimeukunja: "Kazi nzito hii, ina ukimya unaozungumza." Ukimya unaozungumza, jamani! Nilichokisikia mimi ni mkoromo wangu.

Na niliyoipenda kweli? Ile ya Kinaijeria ya mama mkwe mchawi anayegeuka kuku. Niliirudia mpaka Njeri akaificha rimoti. Sikuitaja hata kidogo. Wimbo wa mwaka nikauchagua mmoja wa Kifaransa. Sijui unasema nini mpaka leo. Pengine ni tangazo la sabuni.

Huo ulikuwa ujinga tu, haukumuumiza mtu. Ngojeni sasa.

Mamdogo Dama anakaa Magongo. Ni mdogo wake mamangu, na mamangu alipofariki nikiwa bado natambaa, yeye ndiye aliyenichukua. Ni fundi wa cherehani. Kwenye kwaya ya akina mama kanisani kwao, yeye ndiye sauti ya mbele. Na sauti yenyewe si ile nyembamba ya kubembeleza. Ni nzito, ya chini, inaanza miguuni. Akiimba "amina" unatafuta pa kushika.

Mwaka huo mwalimu wa kwaya akawashawishi warekodi wimbo. Mamdogo ndiye aliyeutunga, akashona na magauni ya wote, ya satini ya zambarau. Wakarekodia kwenye chumba kimoja hapo hapo Magongo, kimezibwa kwa magodoro. Lakini uwanja wa ndege uko karibu, na magodoro hayajui kuzuia ndege. Ubeti wa pili umefika, ndege ikapita juu ya paa, vuuu! Fundi wa mitambo akataka warudie. Mwalimu wa kwaya akakataa, akasema Dama hataweza tena kuimba vile alivyoimba hapo. Ndege ikaachwa ndani.

Video yake ndiyo usiseme. Akina mama wote wamevaa miwani myeusi, hata walio kivulini. Nyuma yao wamebandikiwa maporomoko ya maji ambayo hayapo pwani nzima. Na Mamdogo anashuka ngazi za jengo ambalo bado linajengwa, ameshika gauni kwa mikono miwili asije akajikwaa kwenye kokoto.

Kabla hata haujatoka, alinitumia. Akanipigia na simu kabisa. "Nisikilizie, mwanangu. Wewe ndiwe mjuzi wa mambo haya."

Nikausikiliza saluni, mteja ameinamisha kichwa mbele yangu. Ubeti wa kwanza nikacheka kidogo, ile miwani. Ubeti wa pili, mle mwenye ndege, ukitega sikio vizuri utasikia maneno. Anamshukuru Mungu kwamba alimchukua dada yake lakini akamwachia mtoto wa kumshika mkono.

Mtoto ni mimi.

Nilimwacha mteja na nusu ya kichwa, nikaenda chooni nikalia mpaka Njeri akagonga mlango akiuliza kama nimekula kitu kibaya. Nikausikiliza tena siku zilizofuata, kwa siri, kama mtu anayekula mchana wa Ramadhani. Mwaka mzima ule hakuna wimbo ulionishika kama ule.

Mamdogo nikamjibu kwa maneno mawili: "Mzuri, Mamdogo." Na kidole gumba.

Disemba ikafika. Filamu ninayo, ya mlima. Wimbo ninao, wa sabuni. Uozo sina. Mwaka ule watu walikuwa wamejitahidi, hata wale waimbaji vijana wanaolalamika kuachwa kila mwezi walikuwa wametulia. Wateja wanauliza, "Uozo lini?" Nami natoka jasho.

Nikamwambia Njeri, "Twende na ile ya kwaya."

Njeri akashusha simu. "Wee! Si huyo ni auntie yako?"

"Hataiona. Simu yake ni ya mafungu ya Biblia tu."

"Hii itakurudia, nakushow."

Mtoto wa bara ananifunza mimi adabu! Nikamwambia ashike simu.

Nitawaambia nilichosema, maana kuungama nusu nusu ni kujidanganya. Nilisema kwaya imevaa miwani utadhani wamefanyiwa operesheni ya macho siku moja. Nilisema yule wa mbele anaimba kama lori la kontena linaloshuka Kibarani bila breki. Nilisema aliyeimba vizuri humo ni ndege peke yake, na hata yeye alipita akiwahi kutoka. Nikamalizia kwamba Yesu akirudi akaukuta wimbo huu unapigwa, atageuza.

Mteja aliyekuwa kitini alicheka mpaka akateleza chini. Tukaweka mtandaoni.

Sijawahi kutazamwa vile! Ilifika Likoni, ikafika Mtwapa, ikarudi. Watu wakakata ule ubeti wenye ndege, wakaubandika kwenye vichekesho vyao. Na pa kwanza kabisa kufika, kabla ya kwingine kote, ni kwenye kundi la simu la kanisa la Mamdogo. Lile la mafungu ya Biblia.

Hakunipigia. Nami sikumpigia. Nikajiambia Krismasi si mbali, nitakwenda na leso nzuri, yatakwisha.

Siku ya Krismasi nikaingia kanisani Magongo, nimevaa, nimenukia. Kwaya ikasimama na satini zao. Mbele alikuwa msichana mwingine, sauti nyembamba kama uzi. Nikamtafuta Mamdogo, nikamwona benchi la mwisho, na gauni la kawaida, mdomo ameufunga. Watu wote wanaimba, yeye anatazama sakafu.

Tulipotoka, nikaona watoto nje ya lango. Walipomwona tu wakatandaza mikono kama mabawa wakaanza kukimbia wakinguruma, vuuu, vuuu! Mama zao wakawakemea, lakini wenyewe wameziba midomo. Mamdogo akapita katikati yao kama hawasikii. Kilemba amekivuta mpaka kwenye nyusi.

Nyumbani kwake nikamkuta uani, ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi.

"Shikamoo, Mamdogo."

"Marahaba."

Basi. Siku zote huniongezea "mwanangu". Siku hiyo alikata hapo.

"Umeiona ile video?" nikauliza, kama mpumbavu.

"Nimeonyeshwa. Mwuza maji amenionyesha, fundi viatu amenionyesha, na mke wa mchungaji naye ameniletea mpaka mlangoni akinipa pole. Naijua kwa moyo sasa. Nikwimbie?"

"Mamdogo, ulikuwa mzaha. Watu wanapenda..."

"Mzaha naujua. Mimi nimetaniwa maisha yangu yote na nikatoka mzima." Hakuacha kukuna. "Nakuuliza jambo moja, na usinijibu kama unavyoijibu simu. Ule wimbo ulikuwa mbaya?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nakwambieni, ilinijia kwenye ulimi. Lakini nilishachoka na uongo wangu.

"La," nikasema. "Niliupenda. Niliupenda kuliko zote. Nilikwenda chooni nikalia nikamwacha mteja na nusu kichwa."

Akasimamisha mkono. Akaweka kifuu chini. Mimi nikajua sasa ananisamehe, nikaanza kusogea nikumbatiwe. Thubutu!

"Bora ungesema ni mbaya," akasema. "Kama ungeuona mbaya, ningejua nina mtoto mkweli asiye na adabu. Adabu hufunzwa. Kumbe nina mtoto aliyeupenda, akalia, akajifuta machozi, halafu akanitoa nje nichekwe."

Leso ikabaki mkononi mwangu. Akaokota nusu nyingine ya nazi akaendelea kukuna, nami nikakaa pale mpaka nikaona haya ya kukaa.

Nilirudi saluni nikaifuta ile video. Kazi bure, kila mtu anayo. Nikamwambia Njeri ashike simu tena. Nikatoa hukumu mpya, ya kweli: nikakiri kwamba mlima ule nilisinzia, kwamba filamu yangu ya mwaka ni ya kuku mchawi, na kwamba wimbo wa mwaka ni ule wa kwaya ya Magongo, na aliyeutunga na kuuimba ni mamangu mdogo, na ubeti wa pili unanihusu mimi. Nililia humo, machozi na makamasi, bila kuchagua upande mzuri wa uso.

Waliotazama hawajai basi. Mmoja akaandika, "Umeokoka?" Mwingine, "Rudisha uozo, hii haina ladha." Njeri peke yake ndiye aliyeniambia, "Hiyo sasa ni video." Hakuongeza neno, na nikashukuru.

Mamdogo aliiona? Aliiona. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyemwonyesha. Alinipigia akasema, "Nimesikia," akaniuliza kama nimekula, akakata.

Siku hizi naenda kwake kila nikifunga saluni mapema. Ananipokea, ananipa chai, tunaongea habari za majirani, na juzi alinicheka kwa viatu vyangu nikafurahi mpaka njiani. Kwenye kwaya amerudi. Lakini anasimama mstari wa nyuma, na ile sauti ameikunja akaificha katikati ya za wenzake. Wa mbele bado ni yule wa uzi. Nilimwuliza kwa nini, akasema koo lake limezeeka. Koo gani? Jirani yake ananiambia kwamba Mamdogo akiimba peke yake kwenye cherehani, anatikisa dirisha.

Na kichwa chake, ambacho nilikuwa nikikisuka mimi, kinasukwa na mtu mwingine sasa, hapo Magongo. Mistari yenyewe imepinda! Nimeiona, nikanyamaza. Hiyo ndiyo adhabu yangu, na naila kimya kimya.

Sasa nyinyi mnaokaa na simu mwisho wa mwaka mkipanga kipi bora na kipi uozo, nisikieni. Sikatazi mtu kuponda. Filamu mbovu ziko, na wenye nazo waambiwe. Lakini ponda ulichokichukia kweli. Na ukipenda kitu, kipende mchana kweupe, hata kama kina miwani kivulini na maporomoko ya kubandika. Wenzako watakucheka. Wacha wacheke, kicheko kinapita.

Mimi niliogopa kuchekwa kwa kuupenda wimbo wa kwaya. Nikamsukuma mbele aliyenilea, akachekwa yeye.