Watatu Niliowatuma Louisville

Mimi sikusoma. Nilifika darasa la pili kwenye kambi ya wakimbizi, kisha nikatoka kukaanga maandazi ya kuuza. Lakini nyumba ninayokaa hapa mtaa wa East Side, Amerika, ni yangu, juu nimepangisha, na anayedhani sijui kitu namwonyesha mlango. Nasema haya mjue kwamba mimi si mtu wa kutetemeka ovyo. Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kikinitetemesha: simu ya mwanangu isiyopokelewa.

Kwetu msiba hausemwi kwenye simu. Hata huku Amerika, watu wana simu mbilimbili mfukoni, bado hakuna anayekupa kifo sikioni. Wanakuja wenyewe, wawili au watatu, wa kanisa au wa ukoo, wamevaa vizuri siku isiyo ya ibada. Wanasalimia taratibu. Wanaomba maji wasiyoyanywa. Halafu mmoja anasema, "Mama, kaa kwanza." Ukiambiwa kaa kwanza, umeshajua.

Aliyelelewa hivyo, simu ikiwa kimya, kichwa kinamwambia: wenzako wanajua tayari, wanatafuta tu nani aje. Binti yangu anayeishi Louisville, mji wa mbali na kwangu, asipopokea, nilijiambia yuko kazini. Nikipiga tena kimya, naona gari limepinduka. Kabla maji ya ugali hayajachemka nimeshamzika na nimeshachagua kitenge cha kuvaa. Na nilijua vizuri kwamba kule ghalani anakofanya kazi simu zinafungiwa kabatini mpaka zamu iishe. Kujua nilijua. Kujua hakukunisaidia.

Halafu akapata mimba, ya kwanza, baada ya kungoja sana. Hapo kichwa changu kikapata chakula.

Jumamosi moja nilitoka kazini Cheektowaga, kwenye kiwanda cha kufua shuka za hospitali. Nikampigia. Kimya. Nikampigia mume wake. Kimya. Basi nikampigia mke wa mchungaji wao, ambaye tulikaa naye kambi moja, nikamwambia, "Nenda ukamgongee binti yangu, sasa hivi." Yule mama ni mtu mzuri, tena mwenye adabu. Hakutaka kwenda peke yake kwenye jambo zito. Akamchukua mume wake na mzee mmoja wa kanisa, nao walikuwa wanatoka harusini, suti na vitambaa vya kichwani.

Binti yangu alikuwa amelala, amechoka na zamu, simu ameiacha jikoni kwenye chaji, na mume wake yuko kazini. Anafungua mlango na tumbo lake, anaona watu watatu waliovaa vizuri. Mke wa mchungaji akaona anayumba, akamhurumia. Akamshika mkono akamwambia, "Mwanangu, kaa kwanza."

Alianguka pale pale mlangoni. Alilia jina langu mpaka majirani wakatoka. Mimi nilikuwa namzika yeye, na yeye akawa ananizika mimi.

Mke wa mchungaji akanipigia, akampa simu, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama, uko hai?"

"Niko hai. Na wewe?"

"Niko hai, lakini umebakiza kidogo uniue."

Nilitaka kucheka. Yeye hakucheka. Akasema polepole, "Mama, mtoto akizaliwa usije. Nitamwita mama mkwe kutoka Columbus. Nyumbani kwangu sitaki hofu."

Mtoto wa kwanza, mama aliyekuzaa ndiye anayekuchemshia uji na kukukanda mgongo kwa maji ya moto. Kumpa mkwe nafasi hiyo ni aibu, na aibu niliiona. Lakini hata pasingekuwa na wa kuniona, mikono yangu ilimtaka yule mtoto.

Nilikasirika kwanza. Nikasema watoto waliokulia huku hawana heshima. Hasira ilipoisha nikabaki kazini na shuka zangu mezani na kichwa changu. Nikakumbuka wamama waliokuwa wanaamua ugomvi wetu kambini. Mtu akija mbio na maneno, walimuuliza swali moja tu: "Uliona, au uliogopa?" Wengi walikuwa wameogopa.

Nikaanza kujiuliza mimi. Wazo likija, silifukuzi. Wazo si kuku, ukilifukuza linazunguka nyumba na kuingia kwa mlango wa nyuma. Nalikaribisha na kulihoji. Gari limepinduka? Uliona? Sikuona. Kuna aliyekuambia? Hakuna. Basi kaa hapo, mimi nakunja shuka. Siku nyingine nilishinda. Siku nyingine nilishindwa, nikajikuta kidole kiko kwenye namba yake, nikampa mwenzangu wa kazini simu anifichie. Alinicheka, nikamwacha acheke.

Muda ukapita, binti yangu akapiga mwenyewe.

"Mama, siku hizi hunitafuti. Unaumwa?"

"Siumwi. Nafanya kazi."

"Kazi gani?"

"Ya kukuacha wewe ufanye yako."

Akacheka kidogo. Tukaongea habari za baridi, za bei ya mafuta ya kupikia. Alipotaka kukata akasema, kama mtu anayejisemea tu, "Mama mkwe alikuja kutusalimia. Uji wake una mabonge."

Mwanangu namjua. Kwake huo ulikuwa mwaliko.

Miezi yake ilipotimia nilipanda basi mpaka Columbus, mwanangu wa kiume anayeishi huko akanipokea, asubuhi tukashika njia ya Louisville kwa gari lake. Njiani nikapiga. Kimya. Nikaweka simu mapajani.

"Mama, umeshaanza kumzika?"

"Endesha gari."

"Naona midomo inacheza."

"Naongea na mtu mwingine. Hayakuhusu."

"Haya. Mwambie simu ikizimwa mtu hafi."

Nikamwambia. Sikupiga tena mpaka tulipofika. Mlango ulikuwa umefungwa, na jirani akatuambia wamekimbilia hospitali alfajiri. Siku hiyo kulikuwa na jambo kweli, na jambo lenyewe lilikuwa mvulana mwenye nywele nyingi.

Waliporudi nyumbani nilipika uji usio na bonge hata moja. Nikamkanda binti yangu, naye akalala kwa raha kama alivyolala alipokuwa mdogo. Asubuhi moja mume wake alikuwa kazini, mtoto amelala kikapuni karibu na dirisha. Amenyamaza. Amenyamaza sana. Kichwa kikasema, hapumui. Nikaikalia mikono yangu isimguse.

"Mama, unataka kumwamsha," binti yangu akasema kutoka kwenye kochi. Nilidhani amelala.

"Sitaki."

"Unataka. Mimi mwenyewe tangu nimeamka namgusa pua." Akashusha sauti. "Naona hapumui. Naona nimemfunika vibaya. Mama, hiki kitu kinaisha?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini huyu ni mwanangu, na sasa ni mama.

"Hakiishi," nikasema. "Unakizoea, kama mkwe."

Alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu. Mtoto akastuka, akanyoosha mguu, akafungua mdomo akalia kwa nguvu zote.

"Haya, umemwamsha. Mchukue sasa," binti yangu akasema.

"Nani? Uliyecheka ni wewe."

Lakini nilikuwa nimeshasimama, nimeshamchukua.