Kilichokuwa chini ya kava la usukani wangu, na simu niliyoipiga kabla ya kufikiri

Tk. Tk. Tk.

Hiyo ni sauti ya wembe ukikata mishono ya kava la usukani, mmoja mmoja. Nilikuwa kwenye benchi, gari nimeligeuzia mgongo, macho kwenye simu. Sauti ikaenda vizuri kwa mwendo wake, kisha ikakatika.

Mlango wa gari ukafunguliwa. Nikasikia ndara zikirudi nyuma kwenye kokoto, hatua tatu.

Mtu aliye kazini harudi nyuma hatua tatu. Nikageuka.

Wakuu, amani iwe kwenu popote mlipo. Ninayoyaweka hapa yamenipata mwenyewe, na sijatia chumvi. Majina nimeyabadilisha. Mambo yenyewe sijayabadilisha hata kidogo, ingawa ningependa.

Nianze mwanzo kidogo ili msipotee.

Mimi ni dereva wa teksi za app, Changamwe, na abiria wangu wengi ni wa Airport. Naishi Magongo na mke wangu Zuhura, na mama yangu aliyehamia kwetu mwaka jana baada ya baba kufariki. Zuhura ni karani kwenye ofisi ya kutoa mizigo huko Kipevu. Tuna miaka miwili ya ndoa.

Kava la usukani wa gari langu lilikuwa limechoka. Joto la huku mnalijua. Saa saba mchana lile kava lilikuwa likinata kama gundi, na jioni viganja vyangu vilirudi nyumbani vyeusi. Zuhura ndiye aliyekuwa akinisukuma kila siku. Alikuwa akiniambia mikono yangu imekuwa ya muuza makaa, niende nikashonewe ngozi ya kweli.

Hilo mliweke akilini. Mimi sikuliweka.

Basi nikaenda kwa Fundi Athman, kando ya pale panapooshwa magari. Ni mtu wa miaka arubaini hivi, mwembamba, miwani ameifunga kwa uzi ule ule anaoshonea. Kabla ya kukata ngozi alinikalisha kwenye kiti cha dereva, akaniambia niushike usukani kama niko njiani, nisijifanye. Akavitazama vidole vyangu vinavyokaa. Akasema watu huleta gari, lakini yeye huishonea mikono.

Nikampenda kwa maneno hayo. Na kwa sababu hiyo hiyo nikamshuku. Mimi mtu akisema jambo zuri sana huanza kujiuliza anauza nini.

Tena nilikuwa na sababu. Madereva wenzangu walishanisimulia kuhusu mafundi wa aina fulani. Anakufungulia kiti, "anakuta" kitu kimefungwa kitambaa chekundu, anashtuka, na kwa bahati nzuri anamjua mtu wa kukitoa. Kitu ametia yeye na mtu ni shemeji yake. Ndiyo maana nilikaa pale pale kwenye benchi badala ya kwenda kunywa chai. Kosa langu ni kwamba abiria mmoja aliniandikia ujumbe, nikageuza mgongo. Dakika tano tu.

Sasa nimegeuka, na Athman amesimama nje ya gari, mikono ameining'iniza mbali na mwili kama mtu aliyeshika mafuta.

Akaniambia nisikaribie kwanza. Akawaita watu wawili waje. Mmoja ni kijana anayeosha magari. Wa pili ni Mutiso, dereva mwenzangu kutoka bara, aliyekuwa akingoja gari lake likauke.

Baadaye nilijua kwamba hiyo ni desturi yake. Akikuta kitu chini ya kava au ndani ya kiti, iwe pete, iwe karatasi, hakigusi bila mashahidi wawili. Anasema fundi wa kushona haogopi sindano, huogopa kusingiziwa. Wakati ule mimi sikuijua. Niliona tu mchezo unaanza.

Tukachungulia.

Sehemu ya chini kabisa ya usukani, pale ambapo mkono haufiki sana, kava la zamani lilikuwa limeachia nusu. Ndani yake kulikuwa na kitu cha ngozi, bapa, chembamba, ukubwa wa kiberiti. Kimeshonwa pande zote nne.

Hirizi.

Nikamwambia Athman, kwa sauti ambayo naionea haya leo, kwamba mchezo huo naujua na anirudishie ufunguo wangu.

Hakukasirika. Alinielekeza kwa kidole, bila kugusa. Nusu ya hirizi ilikuwa bado imebanwa chini ya mishono ambayo wembe haujaifikia. Mishono ya zamani, imejaa vumbi na jasho langu mwenyewe. Hakuna binadamu wa kuingiza kitu pale kwa dakika tano, isipokuwa jini.

Shaka yangu kwa fundi ikaisha. Na wakuu, shaka ikitolewa kwa mtu mmoja haiendi kulala. Inatafuta nyumba nyingine.

Nikatazama ile mishono tena. Kava lote lilikuwa limeshonwa kwa uzi mnene wa nailoni. Lakini pale chini, urefu wa shubiri moja, uzi ulikuwa mwembamba na mshono mdogo mdogo, nadhifu, umekazwa kwa subira. Mtu alilifungua kava langu, akatia kitu chake, akalifunga. Mkono mwepesi.

Mkono wa mwanamke, nikasema moyoni.

Mutiso akasema kwa mdomo kile nilichokuwa nakifikiria. "Buda, wewe umeshonewa ndani ya usukani. Ukikata kushoto unaenda kwake, ukikata kulia unaenda kwake."

Kijana wa kuosha magari akacheka mpaka akakaa chini.

Mimi nilicheka pia, lakini kichwani nilikuwa nimeshaanza kupanga kesi. Zuhura na maswali yake kuhusu abiria wa kike. Zuhura aliyeuliza wiki iliyopita kwa nini nimenyamaza siku hizi. Zuhura aliyesisitiza nibadilishe kava. Hapo ndipo akili ilipoonyesha ufundi wake mbaya, maana mtu aliyeficha kitu chini ya kava hawezi kukusukuma ukalitoe. Mtoto angeliona hilo. Mimi nikaligeuza: alitaka kunipima kama nitagundua.

Mnaosoma visa vyangu humu mnajua napenda kufunga mambo mawili kwa kamba moja. Siku hiyo kamba ile niliifunga kwenye shingo ya mke wangu.

Athman alikuwa akisema kitu. Alisema, "Bwana mdogo, ngoja kwanza nikuonyeshe huu mshono." Nikamwashiria kwa mkono anyamaze, simu iko sikioni.

Mutiso akaniambia niweke spika.

Nikaweka.

Ningeweza kuandika kwamba kidole kiliteleza. Hakikuteleza. Nilitaka wanaume wenzangu wasikie kwamba mimi si mtu wa kushonewa.

"Zuhura, umenitilia nini kwenye usukani?"

"Nimekutilia nini wapi?"

"Hirizi. Ninaitazama hapa. Umenifunga?"

Nyuma yake nilisikia mashine ya ofisini ikitoa karatasi. Nyuma yangu Mutiso akashindwa kujizuia, kicheko kikamtoka puani.

"Fadhili, uko na nani hapo?"

"Jibu kwanza."

"Nimekuuliza uko na nani."

Akasubiri. Mtu akisubiri kwenye simu unamsikia, sijui kama mmewahi kugundua.

"Haya," akasema, na simu ikakatika.

Mutiso alinipiga bega, akaniambia nimeongea kama mwanamume. Kisha gari lake likawa limekauka, akaenda zake.

Athman akarudi kwenye kiti. Mbele ya yule kijana akaikata mishono iliyobaki, akaitoa hirizi kwa ncha ya wembe, akaniwekea kwenye kitambaa safi. Halafu akauinua ule uzi mwembamba kwenye mwanga.

"Ungeniuliza mimi kwanza," akasema. "Huu si mshono wa mtu wa ngozi, wala si wa mtu wa nguo. Huu ni mshono wa kofia. Kwenu nani hushona kofia?"

Wakuu.

Mama yangu ameshona kofia za vito, zile za matundu ya kushonwa kwa mkono, tangu sijazaliwa. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye matundu yale madogo. Alhamisi ile alikuwa na kofia nyingine mapajani, ya bwana harusi wa Mikindani.

Nilimpigia Zuhura mara nne. Hakupokea. Nikamwandikia, "Nimekosea, nitakueleza." Nikaona amesoma.

Nilitaka kuondoka wakati ule ule. Sikuweza, maana usukani ulikuwa mtupu, unanata gundi ya zamani, na Athman alishaanza. Ngozi ile haivalishwi kama soksi. Inakatwa ndogo kuliko usukani makusudi. Anaianika kwenye kioo cha mbele mpaka ilainike kwa joto, kisha anaivuta kwa sindano mbili zinazopishana tundu kwa tundu, na kila tundu anakaza, anasubiri, anakaza tena. Nikamwomba afanye haraka. Akaniambia akiharakisha ngozi itakunjika, na mkunjo kwenye usukani utanila kiganja kila siku ya Mungu.

Kazi ile ilichukua saa mbili na nusu. Nilikaa kiti cha abiria ndani ya gari langu mwenyewe nikitazama mtu akivuta uzi. Kazi yake, wallahi, ilikuwa nzuri. Sikuwahi kuona kitu kizuri nikakichukia namna ile.

Nilipofika nyumbani, mama alikuwa amekaa kwenye mkeka sebuleni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikaiweka hirizi mbele yake.

Akaitazama. "Umeitoa ya nini?"

Akanieleza bila kujificha. Mnakumbuka, au hamkumbuki kwa sababu sikuwahi kuwaambia, kwamba miezi michache nyuma nilisinzia nikagusana na lori la kontena pale Kipevu. Kioo cha pembeni tu kilivunjika. Nyumbani nilisimulia kama kichekesho. Mama hakucheka. Akamwendea maalim, akaandikiwa Ayatul Kursi, na Ijumaa moja nilipolala baada ya swala akachukua ufunguo msumarini akaenda kukaa garini na sindano yake.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Mkeo hapendi mambo haya, mwanangu. Alishaniambia kwa adabu kwamba kinga ni dua, si ngozi. Sikutaka ugomvi ndani ya nyumba."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Ni kweli. Zuhura ndiye aliyekataa hirizi nyumbani kwetu. Katika Magongo nzima nilimchagua mtu ambaye haingewezekana kuwa yeye.

Zuhura alirudi kabla ya magharibi. Akampa mama shikamoo yake, akavua viatu, akakiona kile kitu mkekani. Nikasimama.

Nikamwambia ni mama. Nikamwambia sasa najua si yeye.

"Umejuaje?"

Nikasema fundi ameutambua mshono.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza bei.

"Fundi aliutazama uzi mara moja akajua si mimi," akasema. "Wewe umenitazama miaka miwili."

Mama akaanza kulia, akasema kosa ni lake, amwadhibu yeye. Zuhura akapiga magoti akamshika mikono. "La, mama. Wewe ulikuwa unamwombea mwanao. Sina neno na wewe." Kisha, bila kunigeukia, akaniuliza mara ya tatu swali la mchana: nilikuwa na nani.

Nikamtajia. Wote watatu.

Mutiso na mkewe wanasali kanisa moja na wenzake Zuhura wa ofisini, na habari ilishawafikia. Kufikia saa tisa, Kipevu walikuwa wakimwita Zuhura fundi usukani.

Akaingia chumbani. Nikasikia zipu ya begi.

Niishie hapa kidogo niseme la moyoni, maana nikishaandika kilichofuata sitakuwa na la kuongeza. Leo ni siku ya kumi na moja. Yuko Likoni kwa kaka yake. Hajaniambia tuachane, hajaniambia atarudi. Kaka yake anapokea simu zangu vizuri, ananiambia dada amelala, hata saa nne asubuhi.

Nilichojifunza si kwamba shaka ni mbaya. Ningekuwa dereva asiyeshuku mtu ningeshaibiwa gari. Nilichojifunza ni kwamba shaka ni ya watu wawili, mwenye nayo na anayeshukiwa, na mlango uwe umefungwa. Ukimwita wa tatu asikie, hata ukija kuomba radhi, unaomba radhi kwa mmoja na wale wengine wanabaki na kicheko chao.

Nyie mliokaa kwenye ndoa muda mrefu, nishaurini. Niende Likoni na mama, au niende peke yangu? Nimpeleke Mutiso akaseme mbele ya kaka yake Zuhura kwamba nilikosea? Naomba mnijibu hapa hapa, hata wa kunitukana aandike. Nitasoma zote.

Basi, Zuhura akatoka chumbani na begi moja. Nikamwambia nimpeleke na gari mpaka feri. Akasema atapanda boda. Akavaa viatu, akamuaga mama, akatoka.

Mlango wetu una kitasa kibovu. Ukiufunga kwa upole, unaachia wenyewe baada ya muda. Aliufunga kwa upole. Nikasikia hatua zake zikishuka ngazi, mlango ukaachia, ukafunguka upana wa kiganja, na mimi nikautazama ule mwanya nikiwa na matumaini ya kijinga.

Hatua zikasimama. Zikapanda tena. Akaushika mkono wa mlango kwa nje, akauvuta kwa nguvu mpaka kitasa kikashika.