Chianti na Nyama ya Mbuzi

Mhandisi Mwitaliano niliyempikia mjini Kasese alikuwa na sheria chache za mezani, na zote nilizishika. Chianti, divai yao nyekundu inayokuja katika chupa iliyovishwa majani makavu, ilikwenda na nyama, na nyanya zilizopikwa mpaka zikayeyuka, na maharage, na jibini ngumu iliyonuka kama soksi. Samaki wa ziwani, wa Kahendero, hakuwekewa divai hiyo hata siku moja. Alinieleza kuwa ukali wa divai unakata mafuta ya nyama, nayo nyama inaituliza divai. Nilionja masalia jikoni, nikaona anasema kweli.

Alipoondoka nchini, mwanzoni mwa miaka ya sabini, aliniachia chupa moja. Niliilaza katika beseni la mchanga uliolowa, chini ya kitanda, kwa sababu ya joto. Nilikwisha kujua nitaifungulia wapi.

Nilikuwa nimemchumbia binti wa Bwera, mji wa mpakani. Baba yake aliuza vitenge, Mkatoliki aliyekimbia vita upande wa Butembo, ng'ambo ya mpaka. Siku ya kwenda kujitambulisha, baba yangu mdogo, msemaji wangu, alinikuta naepua sufuria ya mbuzi wa nyanya na vitunguu.

"Wakwe wanapelekewa tonto," alisema. Tonto ni pombe yetu ya ndizi. "Hii chupa imevaa sketi ni ya nini?"

"Tonto kila mtu anapeleka, Baba Mdogo."

"Sasa wewe siyo kila mtu?"

Tulifika Bwera mchana, tukapokewa vizuri. Sufuria ilipofunuliwa wanawake walisifu harufu. Nikazibua chupa, nikamimina katika glasi ya mzee, baba wa binti, na kwa kuwa sikuweza kunyamaza, nikamweleza: atafune nyama kwanza, kisha anywe, aone vinavyopatana.

Mzee hakuigusa glasi.

"Hii ni divai ya misa. Ulitoa wapi?"

"Bosi wangu alinipa, Baba. Mwitaliano."

"Iko wapi huyo Mwitaliano?"

"Alirudi kwao."

"Basi hakuna mutu wa kuuliza."

Nikasema kwamba kwao hunywewa na chakula kila siku. Mwanamke mmoja akacheka mlangoni: "Huyu mukwe ni padri ao mwizi?"

Mzee aliinuka. "Damu ya Bwana, unaileta na mbuzi? Ata wale walifanya hivi hivi." Akaingia chumbani, hakutoka tena.

Shangazi wa binti alitusindikiza mpaka barabarani, na sufuria yetu na chupa yetu. Ndiye aliyetueleza. Siku waliyokimbia, wapiganaji waliingia parokiani kwao, wakachinja mbuzi wa mapadri, wakaila ile nyama huku wakinywa divai ya altare. Mzee aliyaona yote akiwa amelala katika shamba la mihogo. Mdogo wake, katekista, alikuwa amekwisha kuuawa.

"Uko mutoto muzuri," aliniambia. "Lakini akikuangalia, ataona ile siku."

Baba Mdogo alirudi Bwera mara mbili, na tonto. Mara zote mbili alirudi nayo. Kabla ya Kwaresima binti aliolewa na mfanyabiashara wa Beni. Sikupata nafasi ya kumwambia neno lolote.

Mchana ule wa kujitambulisha tulikaa kando ya barabara kusubiri lori la kuturudisha Kasese. Kizibo kilikuwa kimebaki mezani kwao, kwa hiyo chupa isingeweza kusafiri. Baba Mdogo alikataa kula, akanipa mgongo. Nikafunua sufuria. Nilitafuna nyama kwanza, kisha nikanywa, kama nilivyofundishwa. Mbuzi alikuwa amepoa, lakini vilipatana. Vilipatana kabisa, na nikavimaliza vyote viwili peke yangu kabla lori halijafika.