Kipa Wetu wa Isaka

Nilirudi Isaka nikiwa nimeshapita miaka arobaini, bila mke wala kiwanja, nikaanza kupakua mizigo ya malori. Nilikuwa na chumba cha kupanga. Wenzangu wengi walilala kwenye baraza za maghala, wametandika maboksi. Karibu wote walikuwa wamepitia machimbo ya Geita kabla ya kuishia pale. Walifuata dhahabu, wakaikosa, wakaona aibu kurudi kwao mikono mitupu. Mimi mwenyewe nilichimba Rwamgasa miaka minne, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa aibu hiyo ikoje.

Timu ilianza kwa sababu ya gongo. Alasiri, kazi zikipungua, watu walikuwa wanavuka reli kwenda kunywa. Nikanunua mpira, nikatangaza kwamba anayetaka kucheza aje hajagusa kitu. Siku ya kwanza walikuja watano, wanne wamelewa. Kisha mama aliyekuwa akituuzia chakula akajitolea sufuria ya uji kila baada ya mazoezi, na naamini uji ule ndio uliojaza timu. Watu wakaanza kuoga. Wakaanza kugombana kuhusu namba za jezi, ugomvi wa watu wazima wenye mvi, na mimi nikafurahi kuusikia. Wawili walichukuliwa kuwa walinzi na mwenye ghala ambaye zamani alikuwa akiwamwagia maji watoke barazani pake.

Kipa wetu alinizidi umri kidogo. Alikuwa mwembamba, kifua kimeharibiwa na vumbi la mawe, lakini mikono yake ilikuwa mirefu ajabu. Huko Rwamgasa baruti iliwahi kulipuliwa yeye na wenzake watatu wakiwa bado ndani ya duara, yaani lile shimo la kuchimbia. Alitoka peke yake. Alinisimulia mara moja tu, tukifua jezi, na hakurudia tena.

Alichokirudia kila siku ni habari za binti yake. Alimwacha Tinde akiwa darasa la pili. Sasa binti huyo alikuwa na watoto wawili na aliuza wali stendi.

"Tinde si mbali," nilimwambia. "Kwa nini usiende?"

"Niende nikasemeje? Kwamba baba yako nipo, nalala kwenye boksi?"

Ndipo vijana wa bodaboda wa Tinde wakatualika kwenye mechi ya Jumamosi. Kipa hakunishirikisha. Alimtuma dereva mmoja wa lori kwa binti: mwambie baba yake atadaka Jumamosi. Jibu lilirudi kwamba atakuja akishamaliza kuuza.

"Akiniona golini," aliniambia, huku akinyoa ndevu kwa kioo cha pembeni cha lori, "atanijua kuanzia hapo. Haya mengine nitamweleza polepole."

Uwanja wa Tinde ulijaa. Watu walisimama nyuma ya goli letu kumchokoza.

"Kipa gani huyu, mifupa mitupu! Mpeni ugali kwanza!"

"Nitakula kwako, shemeji," akajibu bila kugeuka. "Dada yako anajua kupika?"

Wakacheka, wakaanza kumpenda. Alidaka kila kitu. Kuna mpira mmoja wa kichwa uliokuwa unaingia juu kabisa, akaruka, akautoa kwa ncha za vidole, na wale wale waliomtukana wakapiga mbinja. Lakini niliona jambo. Kila mwamuzi alipopuliza filimbi, kipa alishika nguzo ya goli. Nikajiambia anapumzisha kifua.

Nilipaswa kujua. Kwenye maduara tuliyofanyia kazi, kabla ya baruti kuwashwa hupigwa filimbi tatu ndefu. Ukizisikia unatoka. Ukishindwa kutoka, unalala chini na kuziba masikio. Na mimi sikuwahi kuwa na filimbi. Miezi yote ile niliwafundisha kwa makofi na kwa kupayuka.

Dakika za mwisho nikamwona mwanamke mwenye aproni akipenya katikati ya watu, anahema, anatazama golini. Hakuna aliyehitaji kunionyesha ni nani. Mikono ilikuwa ile ile mirefu. Mechi ilikuwa bado sare bila bao. Nikanyanyua mkono ili kipa amwone, na hapo mwamuzi akapuliza kumaliza mchezo. Moja. Mbili. Tatu.

Miguu yangu mwenyewe ilishtuka. Kipa alimkumbatia beki wetu, akamwangusha, akamlalia, akapiga kelele, "Tokeni! Tokeni, inalipuka!" Kisha akabaki pale vumbini ameziba masikio, bukta imelowa. Uwanja mzima ulicheka. Hawakuwa watu wabaya. Walidhani ni mlevi.

Nilipomwinua, binti alikuwa ameshafika mbele yetu.

"Shikamoo," alisema, kama anavyosalimiwa mzee yeyote njiani.

"Marahaba, ng'wanawane." Mwanangu. Alilisema kwa Kisukuma, sauti haina nguvu.

Binti akatazama bukta ile, akatazama watu waliokuwa wakicheka. "Nimewaacha watoto peke yao," akasema, akaondoka haraka.

Njiani kurudi nilijaribu kumwomba kipa msamaha, akanipigapiga gotini kama vile mimi ndiye niliyeumia. Jumatatu boksi lake lilikuwa halina mtu. Mlinzi alisema amepanda lori la Geita.

Zikapita wiki tatu. Mchana mmoja binti akaja Isaka, amebeba shati jipya na blanketi kwenye mfuko. Alikuwa amewauliza watu waliowahi kuchimba, wakamweleza habari za filimbi. Nilimwambia baba yake amerudi machimboni, labda Rwamgasa, labda kwingine. Nimeulizia, sijapata jibu. Alikaa kwenye benchi la mama wa uji, mfuko mapajani.

"Mimi nilichelewa," akasema. "Wali haukuisha mapema. Kabla sijafika, alikuwa anadaka?"

"Alidaka."

"Nieleze."

Nikamweleza ule mpira wa kichwa. Nikasimama kabisa, nikanyoosha mkono, kumwonyesha ulipokuwa unapita na vidole vyake vilifika wapi. Akaniomba nirudie. Nikarudia.